Nani Humwonya Jaji

Wakili Salwa Abdulkadir alikuwa na desturi ya kusoma hukumu kwa sauti, neno kwa neno, hata kama mteja mwenyewe yuko gerezani na waliokuja ni mke na baba yake. Alisema watu wana haki ya kusikia ndugu yao amefungwa kwa maneno gani. Basi asubuhi hiyo, katika chumba chake kidogo juu ya duka la magodoro pale Ukunda, Syombua na mkwewe mzee Nthiwa walikaa kwenye viti vya plastiki wakasomewa jinsi Mbuvi alivyomuua jirani yake Randu.

Hawakuwa wakiyasikia mara ya kwanza. Randu alikutwa njiani kwenye mashamba ya skimu, upande wa Shimba Hills, amepigwa kichwani. Kando yake palikuwa na mtaimbo wa Mbuvi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Siku iliyotangulia watu walikuwa wamewasikia pale dukani wakigombania mpaka wa shamba. Na jioni yenyewe ya mauaji, muuza maziwa alimwona Mbuvi akitoka mbio kwenye mahindi, kifua wazi. Shati lake halikuonekana tena. Mtaimbo si hoja, kijiji kizima kilikuwa kimewahi kuuazima, na hata jaji alilikubali hilo. Shati ndilo lililomkaba Mbuvi. Alipoambiwa mahakamani ajitetee, alisimama, akasema atanyamaza, akakaa. Akapewa miaka thelathini.

"Sasa sikilizeni hapa," Salwa alisema. "Jaji anaandika: Mshtakiwa ndiye anayejua alikuwa wapi jioni ile na shati lake liko wapi. Amechagua kutosema. Mtu asiye na hatia asingenyamaza." Akaziweka karatasi mezani kwa furaha ambayo Syombua aliiona haina adabu. "Hapa ndipo tutakapoingilia."

"Kwani amekosea?" Syombua aliuliza. "Hata mimi nimemuuliza mume wangu miaka hii yote kwa nini hakusema."

"Wewe ni mkewe, uliza. Jaji hana ruhusa hiyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa wanaomshtaki. Yeye anaweza kukaa kimya tangu asubuhi mpaka jioni, na kimya chake kisihesabiwe kuwa ni kitu."

"Hayo tulikuwa tukiambiwa," mzee Nthiwa alidakia, na Syombua akajua wamekwisha.

Kabla sheria haijabadilishwa, kesi za mauaji zilisikilizwa na jaji pamoja na wazee watatu wa baraza, raia tu, waliokaa ubavuni mwake na kutoa maoni yao mwishoni. Nthiwa alikuwa mmoja wao. Ilikuwa kesi moja tu, lakini ile moja alikuwa ameitafuna kwa zaidi ya miaka ishirini, na hapakuwa na mtu kwenye skimu ambaye hajasimuliwa, wengine mara mbili kwa msiba mmoja.

"Jaji alitugeukia sisi wazee, akatueleza polepole," alisema. "Kwamba shahidi aliyeona jambo gizani tumpime na kumpima tena. Kwamba mshtakiwa akinyamaza tusimtilie maneno kinywani. Nilimpenda sana yule jaji. Sasa niambie, mwanangu. Wazee wameondolewa, jaji amebaki peke yake. Nani anamwonya?"

"Anajionya mwenyewe, mzee wangu."

"Anajionya kwa sauti?"

"Kwa maandishi. Ndani ya hukumu yake aonyeshe kwamba amejionya."

"Na akijisahau?"

"Wanakaa majaji wengine watatu, wanasoma, wanaona amejisahau. Hiyo ndiyo rufaa."

Mzee akaligeuzageuza jambo lile kichwani. Lilimpendeza na lilimtisha. "Kwa hiyo mwanangu atatoka kwa sababu kuna jambo jaji hakujiambia."

"Inshallah akitoka, atatoka kwa hilo."

"Na aliyemuua Randu ni nani?" Syombua akauliza.

Salwa alimtazama kwa upole. "Hilo hawataulizana, dada. Na mimi, niwie radhi, silihitaji."

*

Mama yake Syombua, bi Kanyiva, alikuwa barazani kwake akibambua mbaazi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mahindi, Mbuvi ndiye aliyemjengea baada ya kufiwa na mume kule Kitui, na aliijenga mlango ukiangalia upande wa pili makusudi. Wakamba wana heshima yao wanayoiita nthoni, na katika nthoni hakuna zito kuliko lile lililo kati ya mkwe na mama mkwe. Mbuvi hakuwahi kulitamka jina la Kanyiva. Akipita karibu alikohoa kutoka mbali, naye Kanyiva akaingia ndani au akageukia ukuta. Majirani Wadigo waliona mambo haya yamepita kiasi, lakini nao wana yao.

Syombua alikaa kwenye kigoda akamhadithia mama yake yote ya Ukunda. Kanyiva aliuliza maswali mengi. Alitaka kujua majaji wa rufaa ni wakubwa kuliko yule wa kwanza au ni wazee tu kuliko yeye. Alitaka kujua kama yule jaji ataitwa agombezwe. Syombua alipofika kwenye shati na yale maneno ya mtu asiye na hatia, mikono ya mama yake ilisimama juu ya ungo.

"Jaji aliandika hivyo?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Kwamba alimfunga kwa sababu alinyamaza."

"Kwa hilo zaidi kuliko mtaimbo."

Kanyiva aliweka ungo chini. Alisimama kwa kuegemea ukuta, maana nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka, akaingia ndani akachechemea hadi kwenye sanduku lake la mabati. Alirudi na kitu kilichokunjwa ndani ya kanga. Lilikuwa shati la buluu, na kifuani lina madoa mekundu.

Katika kufumba na kufumbua Syombua aliamini kila kitu: kwamba mumewe ameua, kwamba mama yake mzazi ameficha, kwamba yeye amekuwa akienda gereza la Shimo la Tewa kumpelekea muuaji sabuni. Hofu ile ilimkaa kwa muda mrefu baadaye, hata alipokwisha kujua ukweli.

"Ni bixa," Kanyiva alisema. "Nilikuwa nimetoka kupukuchua bixa, zile mbegu za rangi, mwili mzima mwekundu, nikaingia kuoga."

Jioni ile Randu alipouawa, Syombua alikuwa amelazwa na mtoto katika hospitali ya Msambweni, na mzee Nthiwa alikuwa amekwenda Mackinnon Road kwa mambo ya mbuzi. Bafu la Kanyiva lilikuwa la makuti, na chini pana jiwe. Aliteleza. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na mtu wa pekee aliyekuwa karibu wa kumsikia alikuwa mkwewe.

"Alikohoa," Kanyiva alisema, akiwa ameutazama ukuta. "Alisimama nje ya makuti akakohoa, akakohoa tena, akiningoja nijifunike. Sikuweza kujifunika. Sikuweza hata kugeuka. Mwishowe aliingia ameziba macho kwa mkono, lakini mtu hawezi kumbeba mtu kwa mkono mmoja. Alinifunika kwa shati lake. Akanibeba mpaka kitandani, akakimbilia kijitoni kuleta maji, akaja kunikanda nyonga. Hakuniacha mpaka kulipopambazuka. Alivaa koti la marehemu baba yako akaenda kwake, na kabla ya chai polisi walikuwa wamekwisha kumchukua."

"Uliniambia ulitambaa mwenyewe."

"Nilikuambia hivyo."

"Mama, mahakama ilikaa miezi. Ulikuwa ukinipikia niende kusikiliza."

"Nilikuwa nikimngoja yeye aseme. Akishasema yeye, mimi nitaitikia. Ningeanzaje mimi? Kumbe naye ananingoja mimi. Kwa Wakamba lingechinjiwa mbuzi likaisha. Lakini mbuzi huchinjwa mbele ya watu, na watu huuliza ni mbuzi wa nini."

Syombua alilia kwa hasira. Alimwambia mama yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na Kanyiva aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Jua lilipoanza kushuka Syombua alichukua ungo akamalizia mbaazi, maana watu wangekula nini.

*

Kanyiva ndiye aliyesema waende kwa wakili. Alivaa leso mpya akalitia shati kikapuni, chini ya limau. Pale ofisini msichana wa mapokezi alimwuliza kama kikapu kina kuku, kwa sababu wateja wengine huleta kuku nao huchafua zulia. Kanyiva alijibu kwamba hakina kuku, akaambiwa akiache nje hivyo hivyo. Alikataa. Walisimama koridoni na kikapu chao, watu wakiwapita, hadi Salwa alipotoka mwenyewe.

"Shikamoo mama. Niwieni radhi, karibuni."

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote. Kisha akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Mama, nimekuamini. Lakini Mahakama ya Rufaa haisikilizi mashahidi. Inasoma yaliyosemwa kule chini, basi. Kuna mlango mdogo wa ushahidi mpya, ila lazima uonyeshe kwamba hukuweza kuupata wakati ule. Huu wako ulikuwa sandukuni. Watauliza kwa nini leo, watasema mama mkwe ametunga kumwokoa mkwewe. Nina hoja nzuri, sitaki kuitia tope."

"Kwa hiyo hawataki kujua?"

"Wanataka kujua kama jaji alijiongoza sawasawa. Si zaidi." Salwa akasita. "Tena kuna jambo jingine. Mbuvi aliponikubali niwe wakili wake alinipa sharti moja, nami sikulielewa mpaka leo. Alisema kama atakuja mtu wa nyumbani kutaka kueleza alikuwa wapi, nimkataze. La sivyo atafuta rufaa."

Kanyiva alikuwa amekesha akijipa moyo, na moyo wenyewe sasa haukuwa na pa kwenda.

"Nimekuja kujivua nguo mbele ya watu," alisema mwishowe, "nao wananiambia nivae."

*

Rufaa ilisikilizwa Mombasa. Mbuvi aliletwa, amekonda, kichwa kimenyolewa. Kanyiva alichagua kiti nyuma ya nguzo ili mkwewe asimwone na yeye asimwone mkwewe. Kikapu alikipakata. Syombua alikuwa amemsihi akiache nyumbani, akajibiwa kwamba shati hilo halilali tena peke yake.

Mzee Nthiwa alivaa koti lake la siku za baraza na alijiona kama ni mmoja wa wenye nyumba. Yaliyosemwa kwa Kiingereza aliwanong'oneza wenzake kwa Kikamba, akiongeza maoni yake mwenyewe, hadi askari alipomwonyesha kidole. Walishangaa jinsi mambo yalivyokuwa mafupi. Hakuna aliyemtaja Randu ila kama "marehemu". Hakuna aliyeuliza nani aliua. Salwa alizungumzia kurasa.

Kisha jaji wa katikati, mwanamke mwenye sauti ndogo, alimgeukia wakili wa serikali. Alimwuliza: tukiondoa maneno haya kuhusu kimya cha mshtakiwa, unabaki na nini?

"Mtaimbo, waheshimiwa. Na ugomvi wa mpaka."

"Mtaimbo ambao kijiji kizima kiliazima. Kingine?"

"Shati, waheshimiwa."

"Shati liko wapi?"

"Halikupatikana."

"Kwa hiyo hatujui lina nini. Hatujui kama lina lolote."

Nthiwa alinong'ona, na Kanyiva akalishika limau la juu kikapuni akalibana. Shati lilikuwa hatua chache tu kutoka kwa watu wote wale wenye majoho, na walikuwa wakilijadili kwa adabu kubwa, kama marehemu mwingine. Angeweza kusimama. Alimsikia mkwewe akikohoa kule kizimbani, mara moja, akakohoa tena, na akakijua kikohozi kile. Alibaki ameketi, macho yake yakiwa kwenye nguzo.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Majaji walisema mwenzao alimtwisha mshtakiwa mzigo usio wake, na kwamba bila kosa hilo ushahidi uliobaki haukutosha kumtia mtu hatiani. Mbuvi aachiliwe mara moja, isipokuwa kama anazuiliwa kwa sababu nyingine halali. Syombua alimwuliza Salwa sababu nyingine ni ipi tena. Salwa akamwambia hakuna, ndivyo wanavyoandika siku zote, akamkumbatia.

*

Walipika pilau, wakatandika mikeka, wakawangoja watu. Alikuja mchungaji na mkewe. Alikuja muuza maziwa, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaaga kabla ya chakula. Pilau lililobaki walilila siku ya pili.

Skimu ilikuwa imekwisha kulielewa jambo kwa njia yake: jaji alikosea kuandika, muuaji akapita hapo hapo. Mzee Nthiwa alizunguka akieleza habari ya kujionya na mzigo wa kuthibitisha, na kila alipoeleza zaidi ndipo watu walipozidi kuamini kwamba mwanawe ametolewa kwa ujanja wa maneno. Kiangazi kilikuwa kikali na visima vinakauka, lakini hakuna aliyemwita Mbuvi. Walimleta mchimbaji kutoka Matuga.

Siku moja Mbuvi alikuta wanawake bombani, akasalimu. Mjane wa Randu, Mwanapili, aliitua ndoo yake chini.

"Marahaba," alisema, ingawa hakuwa ameamkiwa kwa shikamoo. "Nimesikia umeshinda. Nakuuliza tu, maana mimi sikusoma. Majaji walisema hukumuua mume wangu?"

Mbuvi alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, na hilo lilikuwa limekwisha kumponza. "La. Hawakusema hivyo."

"Basi," Mwanapili alisema, akajitwika ndoo.

Syombua alilileta jambo hilo kwa mama yake. Hakutaka kumwambia mumewe maneno yoyote ya faraja, kwa kuwa hakuwa nayo. Mbuvi alikuwa akikaa uani siku nzima akinoa sululu ambayo haikuwa na kazi.

Kanyiva aliuliza kitu kimoja tu: kama Mwanapili huwa nyumbani baada ya alasiri.

*

"Hodi."

"Karibu." Mwanapili alipoona ni nani, hakurudia kukaribisha. Lakini alikuwa amelelewa vyema, na mgeni ni mzee, tena anatumia fimbo. Akamletea kiti.

"Sitakaa sana, mwanangu. Nimekuja kukuonyesha nguo."

Kanyiva aliitandaza mapajani. Mwanapili aliruka kando, akashika mlango. Shati lile alikuwa amelisikia likitajwa mahakamani siku nyingi na alikuwa amelala nalo usingizini.

"Litazame vizuri. Wewe pia unachuma bixa."

Ilimchukua Mwanapili muda kusogea. Aliinama, akaligusa doa la kifuani kwa ncha ya kidole, akalipeleka shati kwenye mwanga wa mlangoni. Damu aliijua. Kanga aliyomfutia mumewe alikuwa nayo mpaka leo, na damu ile ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Hii ilikuwa rangi ya machungwa, kama mikono ya kila mwanamke wa skimu msimu wa mavuno.

Kanyiva akamweleza. Alimweleza yote, bafu, makuti, kikohozi, mkono uliofunika macho. Hakusitasita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa mtu asiye mwanawe wala wakili.

"Alikuona?" Mwanapili aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliniona."

"Mkweo."

"Mkwe wangu."

Mwanapili alikaa chini sakafuni. Naye alikuwa na mkwe, kijana wa Msambweni aliyeoa binti yake, na alijua ni vipande gani vya mwili wake angetoa kuliko kuyasema maneno yale kwa jirani asiyempenda. Hakuuliza kama ni kweli. Hakuna mwanamke angetunga hilo.

"Na majaji umewaambia?"

"Hawakunihitaji."

Kuku waliingia wakatoka. Kisha uso wa Mwanapili ukabadilika, na Kanyiva akaliona jambo likimfikia, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo miaka mitatu bila kulitazama.

"Basi aliyemuua Randu yupo," Mwanapili alisema. "Ananisalimu. Labda alikula msibani kwangu."

Kanyiva alilikunja shati.

"Yeye Mbuvi anajua umekuja?"

"Hajui. Akijua itakuwa ni kuniona tena."

"Hatajua," Mwanapili alisema.

*

Kesho yake asubuhi Mbuvi alikuwa uani na sululu yake, Syombua akisonga uji wa mtoto, mzee Nthiwa akisubiri mtu wa kumsimulia. Mwanapili aliingia kwa njia ya mbele, ile inayopita barabarani mbele ya duka, ili waliokaa dukani wamwone. Begani alikuwa amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia.

"Kisima changu kimekauka," alimwambia Mbuvi. "Nataka mtu wa kukichimba."

Mbuvi alisimama. Alimtazama mkewe, akamtazama baba yake, hakuna aliyemsaidia. "Dada Mwanapili, sina mtaimbo. Ulibaki mahakamani."

"Najua."

Akalitua lile gunia, akalifungua. Ulikuwa mtaimbo mzee, umelika ncha, na mahali pa kushikia pameng'aa kwa mikono ya mtu mmoja kwa miaka mingi.

"Huu ni wa Randu," alisema. "Utachimbia huu."

Mbuvi hakuupokea mara moja. Ng'ambo ya mahindi Kanyiva alisikia sauti ya mjane, akageuza uso wake ukutani, akangoja. Alingoja hadi alipomsikia mkwewe akikohoa kwa mbali, akipita njiani, na chuma kikigonga mawe nyuma ya mwanamke aliyekuwa akimtangulia.